Mzigo Aliousahau Babu Yangu

Tulimwita Tajiri siku aliyoshuka kwenye treni ya Kigoma akiwa hana kitu, na tulimwita hivyo kwa kumcheka. Kichwani alibeba kompyuta moja iliyofungwa kwa blanketi. Mkononi alishika ndala zote mbili, kwa sababu moja ilikuwa imekatika kamba na hakuona haki kuivaa nyingine peke yake. Miaka ilipopita akawa tajiri kweli, na sisi wa Gongoni, hapa Tabora, tukapata tabu. Jina lilikuwa lile lile, ila sasa ilitupasa kulitamka tukiwa tumeinamisha vichwa. Wapo walioshindwa kabisa. Jirani yangu fundi cherehani alikuwa akianza kulisema, likifika katikati anakohoa.

Sitasema alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani. Mambo hayo yameulizwa sana kuhusu mtu huyu, na waliouliza walikuja na kalamu na daftari. Nitasema niliyoyaona mwenyewe kutoka barazani kwangu, mlango unaotazamana na wake, ambapo kwa miaka mingi nilikaa na taipureta nikiwapigia watu barua. Nilisoma hadi kidato cha nne. Kwa wakati wangu hiyo ilikuwa elimu ya kutosha kumdharau mtu yeyote aliyetoka ng'ambo ya ziwa.

Alikuwa akinusa kompyuta. Mteja akileta mashine iliyozima, Tajiri hakumuuliza imefanya nini. Aliifungua, akaingiza pua ndani, akafumba macho kama mtu anayeonja mchuzi. "Hii imekula radi," angesema. Au, "Hii hapana ugonjwa. Hii ni mende tu." Akaiinamisha, akaipiga kofi, na mende akatoka mbio mbele ya mwenye mali, ambaye alikuwa mkuu wa idara fulani na hakupenda ijulikane kwamba ofisini kwake kuna mende.

"Mashini hapana kufa," alipenda kusema kwa Kiswahili chake cha ng'ambo. "Mashini inakata tamaa tu, sababu ya bantu," yaani watu.

Utajiri wake aliupata kwa maneno hayo. Ofisi za Nzega na za hapa mjini zilipobadilisha kompyuta, zile za zamani zilitupwa stoo, na yeye akazinunua kwa bei ya chuma chakavu. Tulimcheka. Alipanga maiti zile sakafuni kwa mistari, akatoa kiungo kwenye hii na kiungo kwenye ile, na katika tatu zilizokufa akafufua moja. Aliziuza kwa maduka ya kuchapia na kutoa nakala, kwanza Tabora, halafu Urambo, halafu Nzega, na kila aliyenunua alirudi kwake kutafuta feni, memori au waya. Baadaye akawa anaagiza kontena zima kutoka Dar es Salaam. Mwishowe akajenga jengo la ghorofa tatu mahali palipokuwa na kibanda chake, na kivuli cha jengo hilo kila asubuhi kikalala juu ya taipureta yangu.

Kabla ya ghorofa, kabla ya kontena, alinijia na kompyuta ya kwanza aliyoifufua. Aliiweka juu ya meza yangu, akaifuta vumbi kwa shati lake.

"Muzee, chukua hii. Wewe ndiye unajua kuandika. Utanilipa ukishapata."

Nikaitazama. Ndani yake feni ilikuwa inalia.

"Mashine ya kuandikia yenye feni?" nikasema, nikihakikisha baraza zima linasikia. "Barua zinasikia joto?"

Watu wakacheka. Akaibeba akaondoka nayo, akampa binti mmoja wa mtaa wa pili. Binti huyo leo ana maduka mawili ya uchapaji, na mimi nina hadithi hii tu ya kusimulia. Nimekuwa nikiitafuta sababu ya kumlaumu mtu mwingine kwa jambo hilo. Bado sijaipata.

Na sasa niseme jambo ambalo watu hawaliamini. Mtu yule aliyeuza kompyuta kwa nusu ya mkoa hakujua kuitumia. Aliijua kama fundi wa viatu anavyokijua kiatu bila kwenda safari. Kupanga herufi kulimshinda. Alipokuwa na barua ya kuandika, alivuka barabara akiacha nyuma yake kompyuta zinazowaka dirisha zima, akaja kuketi kwenye stuli yangu.

"Piga," ananiambia. "Kwa bwana mkubwa wa forodha. Mwambie kontena yangu imekaa bandarini mpaka imeanza kuota mvi."

"Siwezi kuandika hivyo."

"Andika kwa kizungu ya maofisi basi. Lakini mvi ibaki."

Niliandika, na mvi nikaziondoa. Alijua nimeziondoa. Alinilipa kwa ukurasa kama mtu mwingine yeyote, na hata alipokuwa na makarani sita wenye vyeti, barua zake kubwa alizileta kwangu. Wakati ule nilidhani hana akili. Sikufikiri hata siku moja kwamba labda alikuwa anataka tu kuja kuketi.

Maana tulikuwa watani. Babu yangu alikuwa pagazi, mmoja wa wale waliobeba pembe kutoka ng'ambo ya ziwa, wakapita hapa, wakashuka hadi pwani. Wazee wetu walisema watu wa huko ni watani wetu tangu enzi za misafara hiyo, kwa sababu waliogawana njaa njiani hawawezi tena kuheshimiana. Siku ya pili tu baada ya kufika kwake nilimwambia, "Kumbe wewe ndiye mzigo aliousahau babu yangu njiani. Alikuweka chini apumzike, akachoka kukurudia." Akanitazama. Nikadhani sasa atakasirika. Akaja polepole, akachukua kiti changu, akakiweka kichwani, akaondoka nacho. "Babu yako alikosa kubeba mimi," akasema bila kugeuka, "sasa mimi ninabeba ninyi." Kiti kilikaa kwake wiki nzima, na hiyo ni haki ya mtani. Tangu siku hiyo kila asubuhi nilifungua mlango nikapaza sauti, "Wewe mzigo, bado upo?" naye akajibu, "Pagazi muongo!" Hizo ndizo zilizokuwa salamu zetu.

Mama yangu alipofariki tulimpeleka kumzika Kwihara. Tulifika makaburini tumechoka kwa kilio, mdogo wangu akiwa ameshikwa na watu wawili. Tukamkuta Tajiri amelala chali ndani ya kaburi, mikono kifuani, kofia usoni.

"Nafasi imekwisha," akasema kutoka chini. "Murudisheni mama nyumbani, akapike."

Mdogo wangu, aliyekuwa hajala siku mbili, alicheka mpaka akakaa chini. Tajiri hakutoka mle mpaka alipoahidiwa kuku. Akapanda juu akiwa na udongo mgongoni, akashika jembe, akafukia kuliko ndugu zangu wa damu. Wakati ule alikwisha kuwa na ghorofa. Suti aliyolala nayo kaburini ilikuwa mpya.

Mji wenyewe ulimjua kwa namna nyingine. Wakristo walidhani ni Mwislamu na Waislamu walidhani ni Mkristo, na pande zote mbili zilimletea barua za michango. Nyingi nilizipiga mimi, maneno yale yale, nikibadilisha salamu tu. Wale waliomwita mkimbizi walianza kukumbuka kwamba waliwahi kumpa chumvi. Ukizijumlisha chumvi zote walizompa kwa kumbukumbu zao, mtu yule angekuwa amekufa kwa shinikizo la damu. Wagombea nao walimtembelea kila uchaguzi, wakamwita ndugu mwananchi, ingawa yeye peke yake katika mkutano hakuwa na kadi ya kupigia kura.

Aliwahi kutoa kompyuta kwa shule moja ya sekondari upande wa Kwihara. Nilikwenda, maana hotuba nilikuwa nimeipiga mimi. Hema lilipigwa, wanafunzi wakaimba, mgeni rasmi akaja na tai. Tajiri akasimama, akakataa hotuba yangu, akaonyesha lori.

"Babu zenu walibeba pembe kupita hapa hapa, kwa miguu, mpaka baharini," akasema. "Leo ninyi, skrini moja moja, mpaka darasani. Mgeni rasmi atangulie."

Mgeni rasmi akacheka, akifikiri ni mzaha. Tajiri hakucheka. Basi tukaona msafara: mgeni rasmi na skrini kichwani, nyuma yake mkuu wa shule, nyuma yake mwenyekiti wa bodi ambaye kila hatua tatu alimuuliza mpiga picha kama ameshapiga.

Miezi ilipita, akarudi kuzitazama. Alikuta chumba kimefungwa kufuli mbili, ufunguo uko kwa mkuu wa shule, mkuu wa shule yuko semina. Alipofunguliwa akakuta kila kompyuta imefunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua. Hazikuwahi kuwashwa. Umeme haukuwa umefika shuleni, na hakuna aliyetaka kuharibu sherehe kwa kulisema hilo.

"Mumezizika," akasema. Akakaa juu ya dawati. Nilimwona kwa mara ya kwanza akiwa hana neno la mzaha. Wiki iliyofuata alipeleka paneli za jua, akazipandisha paani mwenyewe na fundi wake. Vile vitambaa alivichukua kama faini, akavitandika kwenye magari ya mizigo.

Sasa nimefika mahali ambapo nimekuwa nikipazunguka.

Aliomba uraia. Barua ya maombi niliipiga mimi, kurasa mbili, na ilikuwa barua nzuri kuliko zote nilizopiga maishani. Alitaka jambo moja tu, kuwa mwenye nyumba. Mkewe ni wa Kwihara, watoto wake ni wa hapa, lakini kwa kuwa mgeni hamiliki ardhi, ghorofa na kiwanja vimeandikwa jina la mke, hata watu wakamwita mpangaji wa mkewe. Kila kibali cha ukaazi kilipokaribia kuisha, alifunga safari kwenda kuomba tena kukaa nyumbani kwake.

Afisa wa uhamiaji akatumwa kuwauliza majirani. Alikuwa kijana wa miji mikubwa, kiatu kimeng'arishwa, mpole. Alianza na mimi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Unamfahamu huyu bwana wa ng'ambo ya barabara?"

Asubuhi hiyo watu wawili walikuja kuchukua kazi zao kwangu, wakaniambia samahani mzee, tumeshachapa kwa kompyuta, inatoka safi zaidi. Kivuli cha ghorofa kilikuwa mezani. Tajiri mwenyewe alikuwa amekaa mlangoni kwake, anatutazama, na barazani kwangu walikuwapo watu kama watano. Nikaona nafasi.

"Huyu?" nikapaza sauti. "Huyu si mtu, huyu ni mzigo! Babu yangu alimsahau hapa njiani. Anatula tu. Mrudisheni kwao!"

Baraza likacheka. Tajiri naye akacheka kutoka kule, akapiga paja. "Pagazi muongo!" akajibu.

Afisa peke yake hakucheka. Alikuwa anaandika. Nilikaa karibu naye kiasi cha kuyasoma maneno, na mimi nimezoea kusoma maandishi ya kila namna. Aliandika: *jirani anasema ni mzigo uliosahauliwa njiani, arudishwe kwao.* Nikajiambia, ngoja amalize sentensi, nitamweleza. Akamaliza. Nikajiambia, ngoja afunge kalamu. Akafunga kalamu. Akanishukuru, akavaa kofia, akaondoka, na mimi nikapachika karatasi nyingine kwenye taipureta.

Watu wakinitetea husema afisa alikosa kuuliza vizuri. Hapana. Yeye aliandika alichoambiwa na mzee mwenye mvi. Aliyejua kuwa ni utani nilikuwa mimi, na mimi ndiye niliyenyamaza.

Jibu lilipokuja lilikuwa fupi. Maombi yamekataliwa. Tajiri aliileta barua kwangu, akaketi kwenye stuli ile ile.

"Piga jibu," akasema. "Sema nimepokea. Sema aksanti."

Nikapiga, "Kwa masikitiko makubwa." Hakuniuliza kitu. Kesho yake asubuhi nilifungua mlango, nikamwona amekaa mlangoni kwake ananitazama, anangoja. Neno la mzigo halikutoka. Nikainama kidogo, mimi niliye rika lake, nikasema, "Shikamoo, Tajiri."

Akasema, "Marahaba," kwa sauti ya chini, kama mtu aliyepewa chenji ya watu wengine.

Tangu siku hiyo nilimpa shikamoo kila asubuhi. Mtaa ukasema, mnaona, hata mzee wa taipureta sasa anainamia pesa. Niliwaacha waseme. Kuonwa mnafiki kulikuwa nafuu kuliko kuonwa nilivyokuwa.

Mwaka huu, kiangazi kilipoanza, aliniita. Miguu yake imevimba, hapandi tena ghorofani. Anakaa stoo, chini, katikati ya bodi zilizokufa, na bado anazinusa. Nilimkuta na mwanamke wa makamo mwenye faili. Alikuwa afisa, mzaliwa wa Nzega, amekuja kwa maombi mapya. Niliketi juu ya boksi.

"Nimeomba tena," Tajiri akaniambia. "Kibali ya ukaazi haina nafasi ya kuandika kaburi. Nataka kulala Kwihara nikiwa mwenye nyumba."

Yule mama akanisalimu, "Shikamoo babu," kisha akafungua faili la zamani. "Humu kuna maneno ya jirani. Kwamba huyu ni mzigo uliosahauliwa njiani, arudishwe kwao." Nikaona mdomo wake unajizuia kucheka. "Ni wewe, babu?"

"Ni mimi."

"Lakini si utani huu? Nani Unyamwezini asiyejua utani?"

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Kilichobaki ni kusema ndiyo, tucheke wote watatu, niende nyumbani nikiwa mzee mcheshi. Nilimtazama Tajiri. Alikuwa anafuta vumbi kwenye bodi kwa kidole.

"Nilianza kwa utani, mwanangu," nikasema. "Lakini alipokuwa anaandika nilikuwa nimeshaacha kutania. Nilimwona anaandika, nikanyamaza kwa sababu mtu huyu alikuwa anapata na mimi nilikuwa napoteza. Alinipa kompyuta ya kwanza, nikaikataa. Alimzika mama yangu. Ni mtu wa hapa kuliko mimi, maana mimi nilizaliwa hapa tu, yeye alipachagua."

Yule mama akanisogezea karatasi. "Utaandika hivyo hivyo kwa mkono wako, utie sahihi?"

Nikaandika. Miaka yote niliyowapigia watu barua, hiyo ilikuwa ya kwanza ya kwangu mwenyewe. Akaipokea, akaitia kwenye faili, akatuaga. Hakutuahidi kitu, na mpaka leo ninapoandika haya jibu halijaja.

Tulipobaki wawili nikamwambia, "Nisamehe, Tajiri."

"Nilijua tangu siku ile," akasema. "Kule ofisini waliniambia jirani amesema nini. Nani mwingine Tabora ananiita mzigo?" Akaiweka bodi chini. "Maneno yako hapana kuniuma. Wewe mtani, ungeweza kuniambia kwa rais. Nilijua ukiamka kesho utanitukana tena, nami nitachukua kiti yako, tumalize. Nikakaa mlangoni nikangoja." Macho yake yalikuwa yamejaa maji. "Ukanipa shikamoo. Miaka yote hii unanipa shikamoo. Hiyo ndiyo ilinirudisha kwetu."

Akapangusa uso kwa kile kidole chenye vumbi, ukabaki na mstari mweusi.

"Sasa nikikufa, bakubwa watakuja na suti zao watasimama vizuri. Nani ataingia ndani ya kaburi kuwakataza?"

Nilitembea polepole kurudi kwangu. Sikulala vizuri, nikitafuta maneno ambayo zamani yalikuwa yanatoka yenyewe.

Asubuhi nikafungua mlango. Alikuwa amesogezwa na kiti chake hadi mlangoni, miguu juu ya boksi, blanketi mabegani, anatazama upande wangu. Fundi cherehani alikuwapo, na wateja wake. Mgongo wangu ulianza kuinama wenyewe kwa mazoea. Nikaunyoosha.

"Wewe mzigo!" nikapaza sauti. "Bado upo?"

Fundi aliacha cherehani. Barabara nzima ikageuka kunitazama mimi, mzee asiye na adabu. Ng'ambo ya pili Tajiri aliinamisha kichwa, hata nikaogopa. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika chini ya blanketi.

"Nitaenda wapi," akasema, "na pagazi mwenyewe amezeeka?"